Kuacha Kutumia Pombe Kama Dawa ya Hofu ya Watu: Mwongozo Kamili

Wengi wanaojaribu kuachana na pombe ya kujipa ujasiri hukwama mahali palepale. Wanaapa kutogusa tena, wanakaa siku kumi bila tone, kisha unafika mwaliko: harusi, kikao cha kazini, sherehe ya kumuaga mwenzao. Moyo unaanza kudunda tangu asubuhi, viganja vinalowa jasho, na kufikia jioni glasi iko mkononi. Halafu wanajilaumu kwamba hawana msimamo. Msimamo walikuwa nao. Waliiondoa pombe, wakaiacha ile hofu iliyowapeleka kwenye pombe ikiwa nzima, haijaguswa.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wanatafuta tiba ya hofu lakini hawataji pombe kwa daktari, au wanapiga glasi moja kabla ya kila zoezi la kujizoesha watu. Hao nao hawafiki.

Mwongozo huu unashughulikia mambo yote mawili kwa pamoja, kwa mpangilio ulio salama kwa mwili. Usiruke Hatua ya 1 hata kama unaona haikuhusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la kubeba mfukoni na kalamu. Simu inafaa pia, mradi uandike papo hapo na si siku ya pili yake.
- Kikombe chenye alama za mililita. Bila hicho utakadiria kwa jicho, na jicho hupunja hesabu ya pombe.
- Karatasi moja safi ya kumwandikia daktari barua.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za usingizi, za maumivu na za mitishamba.
- Mtu mmoja unayemwamini. Si lazima awe mjuzi wa lolote. Kazi yake ni kupokea simu yako, kukaa nawe siku mbili tatu za mwanzo ikihitajika, na kukusindikiza kituo cha afya.
- Muda wa miezi 4 hadi 6. Anayekuahidi kuimaliza hofu hii kwa wiki moja anakupotezea wakati.

## Hatua ya 1: Jua kama mwili wako unaruhusu kuacha ghafla

Kwa mtu ambaye mwili wake umeshaizoea pombe, kuacha kwa mpigo kunaweza kuua. Ubongo unaotulizwa na pombe kila siku hujirekebisha kwa kujiongezea msisimko ili usilale. Pombe ikiondoka ghafla, msisimko ule unabaki bila breki.

Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, mapigo ya moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, yaani mtu kuona na kusikia visivyokuwepo na kutojua yuko wapi, huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4.

Hapa pana mtego unaowanasa wenye hofu ya watu kuliko wengine. Dalili za mwili unaodai pombe zinafanana sana na hofu yenyewe. Mtu anatetemeka, anasema "hofu yangu imerudi", anakunywa, anatulia, na anaamini amethibitisha kuwa hawezi kuishi bila pombe. Namna ya kutofautisha ni hii: hofu ya watu hupanda watu wanapokaribia na hushuka ukiwa peke yako umefunga mlango. Tetemeko la mwili unaodai pombe halijali nani yupo. Linakukuta kitandani, peke yako, hata siku ambayo huna miadi na mtu.

Usiache peke yako, nenda kwanza kituo cha afya, ikiwa hata moja kati ya haya linakuhusu:

- unakunywa kwa wingi kila siku au karibu kila siku;
- unazimua asubuhi ili mikono itulie;
- umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipojaribu kuacha;
- unatumia diazepamu au dawa nyingine za kutuliza za jamii ya benzodiazepini;
- una mimba, kifafa, ugonjwa wa ini au wa moyo;
- una mawazo ya kujiua. Kwa hili usisubiri miadi, nenda leo na mtu wako wa karibu.

Wahudumu wanaojua kazi hii hutumia diazepamu au klodiazepoksidi kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, kwa kawaida ndani ya wiki moja, na hukupa thiamini, yaani vitamini B1. Usiidharau thiamini kwa kuwa ni vitamini tu. Wanywaji wa muda mrefu huwa nayo pungufu, na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu na mwendo. Kama utawekewa dripu yenye sukari, sema mapema kwamba wewe ni mnywaji ili thiamini itangulie, kwa sababu sukari bila thiamini inaweza kuzidisha madhara.

Diazepamu hizo usijinunulie. Zikichanganyika na pombe hupunguza upumuaji, na mtu anaweza kulala asiamke.

Degedege, maruweruwe, homa kali au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mwenye degedege mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, na usimtie chochote mdomoni.

Umefaulu ikiwa: unajua uko kundi gani. Kama uko kundi la hatari, una tarehe ya kuonana na mhudumu, na hadi siku hiyo hujakata pombe kwa mpigo.

## Hatua ya 2: Pima pombe, kisha pima hofu

"Nakunywa kidogo" haimsaidii daktari. Tumia kipimo cha gramu 10 za alkoholi tupu, ambacho ndicho hutumiwa na Shirika la Afya Duniani. Hesabu yake: zidisha mililita za kinywaji kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789. Jibu ni gramu.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa karibu gramu 20. Hivyo ni vipimo 2, ingawa mdomoni unasema "bia moja". Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ni gramu 71, vipimo 7. Pombe kali ya asilimia 40, mililita 250 tu, ni karibu vipimo 8. Hapa ndipo wengi hushtuka.

Sasa jibu maswali 3 ya kwanza ya dodoso la AUDIT, la shirika hilohilo:

1. Unakunywa mara ngapi? Kamwe ni alama 0. Mara moja kwa mwezi au pungufu ni 1. Mara 2 hadi 4 kwa mwezi ni 2. Mara 2 hadi 3 kwa wiki ni 3. Mara 4 au zaidi kwa wiki ni 4.
2. Siku unayokunywa, vipimo vingapi? 1 au 2 ni 0. 3 au 4 ni 1. 5 au 6 ni 2. 7 hadi 9 ni 3. 10 na zaidi ni 4.
3. Ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 au zaidi kwa kikao kimoja? Kamwe ni 0. Chini ya mara moja kwa mwezi ni 1. Kila mwezi ni 2. Kila wiki ni 3. Kila siku au karibu kila siku ni 4.

Jumla ya 4 kwa mwanamume, au 3 kwa mwanamke, inatosha kukufanya uzungumze na mhudumu wa afya.

Kwa hofu, jipe alama 0 (sivyo kabisa) hadi 4 (sana mno) kwa kila moja: naepuka kufanya mambo au kuongea na watu kwa kuogopa kuaibika, naepuka shughuli ambazo macho yote yatanielekea, kuaibika au kuonekana mjinga ni miongoni mwa hofu zangu kubwa kabisa. Ukipata 6 au zaidi kati ya 12, inafaa uchunguzwe kwa ugonjwa wa hofu ya kijamii.

Aibu ya kawaida hupungua ukishawazoea watu. Ugonjwa huu hukaa miezi 6 na kuendelea, unazidi ukubwa wa jambo lenyewe, na unakula kazi, masomo au mapenzi. Una jina, una tiba, na anayeuugua hakujitakia.

## Hatua ya 3: Jaza daftari kwa siku 14

Kila ukinywa, au kila ukitaka kunywa, andika: saa, tukio, hofu kabla ya tukio kwa alama 0 hadi 10, vipimo ulivyokunywa, hofu wakati wa tukio, na hofu kesho yake asubuhi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha tupu, na ndiyo yenye habari yote. Hivi ndivyo ukurasa mmoja unavyoweza kuonekana:

> Ijumaa, saa 1 jioni. Sherehe ya kumuaga mwenzetu kazini. Hofu kabla: 8. Vipimo 2 nyumbani kabla ya kutoka, 5 hukohuko. Hofu pale: 3.
> Jumamosi, saa 10 alfajiri. Nimeamka moyo unadunda. Hofu: 7. Narudia kila neno nililosema, na mengine siyakumbuki.
> Jumapili. Sijapokea simu ya mtu yeyote. Hofu ya kwenda kazini Jumatatu: 9.

Hofu iliyokuwa 8 Ijumaa jioni imefika 9 Jumapili. Kinachotokea ndani ni hiki: pombe huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, na hupunguza makali ya glutamati inayochangamsha. Ini linaiondoa kwa takriban kipimo kimoja kwa saa. Ikiisha, ubongo uliokuwa unajitutumua kuishinda unabaki umechangamka kupita kiasi, na ndiyo sababu unashtuka alfajiri ukihisi kuna baya limetokea. Deni limerudi na riba.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye alama. Sherehe ilipoenda vizuri, sifa zote zilikwenda kwa pombe. Ubongo haukupata nafasi ya kujifunza kwamba ungeweza kuongea na wale watu ukiwa mkavu, yaani bila pombe mwilini.

Weka alama maalumu kila unapokunywa nyumbani kabla ya kutoka. Kunywa kwa namna hiyo kunaonyesha waziwazi kwamba pombe imeshageuka dawa.

Umefaulu ikiwa: baada ya siku 14 unaweza kutaja matukio matatu yanayokusukuma kunywa zaidi ya mengine yote.

## Hatua ya 4: Mwandikie daktari barua, umkabidhi mkononi

Ugonjwa huu una ukatili wake: unamziba mgonjwa mdomo mbele ya mtu anayeweza kumsaidia. Unaingia, daktari anauliza shida ni nini, macho yake yanakutazama, unasema "nakosa usingizi". Unatoka na dawa za usingizi, ambazo ni hatari ukizichanganya na pombe. Wengi wamezunguka hivyo miaka.

Basi usitegemee ulimi. Andika nyumbani, ukiwa mtulivu, nusu ukurasa tu:

> Daktari, naomba usome hii kwa kuwa napata shida kueleza kwa mdomo.
> Nina hofu kali ya kuwa mbele za watu tangu nikiwa na miaka 14. Naogopa hasa vikao, kula mbele za watu na kupiga simu.
> Nakunywa pombe ili niweze kuyafanya hayo. Kwa wiki 2 zilizopita nimekunywa vipimo 46, siku 7 kati ya 14. Sizimui asubuhi. Sijawahi kupata degedege.
> Kesho yake hofu huwa mbaya zaidi.
> Dawa ninazotumia: …
> Naomba nichunguzwe kwa hofu ya kijamii na kwa matumizi ya pombe, na nipate mpango wa tiba wa vyote viwili.

Weka tarakimu zako, na ziwe za kweli. Mficha uchi hazai: ukipunguza hesabu ya pombe, daktari anaweza kukuandikia dawa inayogongana nayo.

Huna haja ya kuanza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Daktari wa kawaida au mhudumu wa kituo cha afya aliyefunzwa anaweza kukuchunguza na kukupa rufaa. Omba miadi ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu benchi la kusubiria huwa halijajaa. Kama simu inakutisha, mtu wako wa karibu akupigie, au nenda ukajiandikishe mwenyewe dirishani. Usinywe kabla ya kwenda. Ukifika ukinuka pombe, mazungumzo yote yatahamia huko, na vipimo vya damu na shinikizo la damu vinaweza kupotoka.

Kabla ya kutoka chumbani, uliza: mpango wangu ni upi kwa hofu, upi kwa pombe, nirudi lini, na nikizidiwa niende wapi? Andika majibu hapohapo.

Unaweza kuambiwa, "Acha pombe kwanza, halafu urudi tuangalie hofu." Ushauri huo una msingi kiasi, kwa sababu hofu inayoletwa na pombe yenyewe hupungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4 bila kunywa, na kinachobaki ndicho ugonjwa wa msingi. Tatizo ni kukuacha peke yako katika wiki hizo. Jibu kwa adabu: "Hofu hii ilinianza kabla sijaanza kunywa. Naomba tarehe ya kurudi sasa hivi, na msaada wa kuacha wakati nasubiri." Ukipuuzwa kabisa, tafuta mhudumu mwingine. Huo si ukaidi.

Umefaulu ikiwa: umetoka na tarehe, na neno "pombe" na neno "hofu" yote mawili yameandikwa kwenye faili lako.

## Hatua ya 5: Chagua tiba ya mazungumzo iliyo sahihi

Si kila mazungumzo na mshauri ni tiba ya ugonjwa huu. Yenye ushahidi mkubwa ni tiba ya fikra na tabia, inayotolewa kwa mtu mmoja mmoja na iliyotengenezwa mahususi kwa hofu ya kijamii. Mfumo mmoja maarufu ni ule wa David Clark na Adrian Wells wa mwaka 1995. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013 unaiweka tiba ya aina hii kuwa chaguo la kwanza kwa watu wazima, vikao kama 14 katika miezi 4.

Utaitambua tiba nzuri kwa vitendo vyake. Mtaalamu anakuchorea mzunguko wa hofu yako. Anakutafutia "kinga" zako, yaani vile vijitabia vya kujilinda: kushika glasi kwa mikono miwili isitetemeke, kuandaa sentensi kichwani kabla ya kusema, kukwepa macho, kuvaa koti zito ili jasho lisionekane. Pombe ni kinga kubwa kuliko zote. Kisha anakutoa nje kujaribu bila kinga hizo, na huenda akakurekodi kwa video ili uone kwamba tetemeko unalodhani linaonekana na chumba kizima halionekani hata kidogo.

Ikiwa vikao vinne vimepita hamjafanya jaribio lolote na hujapewa kazi ya nyumbani, uliza moja kwa moja mtaanza lini.

Pasipo mtaalamu karibu, tiba hii hutolewa pia kwa njia ya simu au intaneti, na kitabu cha kujisaidia kinachofuata mfumo huu ni bora kuliko kukaa bure, hasa ukipata mtu wa kukufuatilia kila wiki.

## Hatua ya 6: Dawa, zikihitajika

Kwa hofu, dawa za kuanzia ni za kundi la SSRI, yaani dawa za sonona ambazo hutibu pia hofu, kama sertralini, esitalopramu na paroksetini. Daktari huanza na dozi ndogo, kwa mfano sertralini miligramu 25 au 50 kwa siku, kisha hupandisha taratibu.

Kinachowakatisha watu tamaa ni wiki mbili za mwanzo. Kichefuchefu, usingizi kuvurugika, na hofu yenyewe inaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka. Nafuu huonekana baada ya wiki 4 hadi 6, na wengine huhitaji 12. Anayeacha siku ya 9 kwa kusema "hazinifai" amepata ubaya wake wote bila faida. Usiache ghafla pia ukishapona. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa kawaida baada ya miezi 6 au zaidi ya kuwa na hali nzuri. Walio chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu mwanzoni, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kujitokeza.

Propranololi hupunguza tetemeko na mapigo ya moyo kwa hotuba au onyesho la mara moja. Haiponyi hofu ya watu ya kila siku, na wenye pumu hawaruhusiwi kuitumia. Benzodiazepini kwa mtu anayekunywa ni kubadilisha kamba moja kwa nyingine.

Kwa pombe zipo dawa ambazo wagonjwa wengi hawajawahi kutajiwa, na hili linasikitisha. Naltreksoni, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, hupunguza raha na hamu ya pombe. Haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Akamprosati husaidia aliyekwisha kuacha asirudi. Figo hupimwa kwanza. Disulfiramu humfanya anayekunywa augue vibaya, na athari yake inaweza kudumu hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo haitumiki bila usimamizi.

Usitegemee kwamba SSRI itamaliza kiu ya pombe. Watu hupata nafuu ya hofu na bado wakaendelea kunywa kwa mazoea. Kila upande unahitaji tiba yake.

## Hatua ya 7: Panda ngazi ukiwa mkavu

Andika hali 8 hadi 10 unazoziogopa, ukizipa alama za hofu 0 hadi 100. Anza na yenye 30 hadi 40. Chini ya hapo hujifunzi kitu. Ukianzia 90 utakimbia, na kukimbia kutaifundisha hofu kwamba ilikuwa sahihi.

Mfano wa ngazi: kumuuliza mgeni saa (30), kurudisha bidhaa dukani (40), kupiga simu watu wakisikia (50), kula na wenzako wawili (55), kuuliza swali kikaoni (70), kukaa saa moja kwenye sherehe bila pombe (85), kusema maneno machache mbele ya wageni (95).

Tuchukue swali kikaoni. Kabla ya kuingia, andika unachotabiri, kwa namna inayoweza kuhakikiwa: "Sauti itatetemeka, angalau watu watatu watacheka." "Itakuwa vibaya" haifai, kwa sababu huwezi kuihesabu. Amua kinga moja utakayoiacha, labda ile ya kuandika swali zima na kulisoma. Uliza. Wakati unaongea, toa macho ndani yako uyapeleke nje: aliyekujibu amevaa shati la rangi gani, amesema maneno gani hasa? Hofu hulishwa na kujitazama. Kisha kaa hadi mwisho, usitoke kunawa uso. Baadaye soma utabiri wako: waliocheka ni wangapi?

Rudia hatua hiyohiyo mara 3 au 4 kabla ya kupanda. Mara moja ubongo huiita bahati.

Sheria moja haina msamaha: hakuna pombe saa 24 kabla ya zoezi wala baada yake usiku huohuo. Ukinywa kabla, umejifunza ukiwa umeegemea mkongojo. Ukinywa baada, zawadi imegeuka kuwa pombe tena.

Umefaulu ikiwa: umetenda ulichopanga na kubaki hapo. Kutetemeka hakuhesabiki kama kushindwa, wala kuhisi hofu. Ukingoja hofu ifike sifuri ndipo upande, utakaa ngazi ya kwanza mwaka mzima.

## Hatua ya 8: Siku ya shughuli yenyewe

Kula kabla ya kutoka. Njaa hutetemesha mwili na utadhani ni hofu. Punguza kahawa siku hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Fika mapema. Watu wanne ukumbini ni rahisi kuliko arobaini, na wanaokuja baadaye wanakukuta wewe ndiye mwenyeji wa chumba. Chukua mara moja kinywaji kisicho na kileo. Mwenye glasi iliyojaa hasumbuliwi sana. Ukibembelezwa, jibu fupi linatosha: "Leo sinywi, asante." Maelezo marefu hualika mjadala. Kusema upo kwenye dawa ni jibu zuri kama ni kweli.

Panga muda wa kukaa, tuseme saa moja na nusu, na uondoke kwa saa, si kwa hofu. Hofu huja kama wimbi. Mara nyingi hupanda dakika za mwanzo, kisha hushuka yenyewe usipoikimbia. Nenda na usafiri wako mwenyewe wa kurudi ili usimsubiri anayeendelea kunywa.

Ukifika nyumbani, hukumu itaanza: kwa nini nilisema vile, yule alinitazamaje? Jipe dakika 10 za kuandika yaliyotokea kweli, kama shahidi, kisha funga daftari. Mawazo yakirudi, usiyajadili. Fanya kazi ya mikono.

Vikundi vya kusaidiana vya waliokuwa wanywaji huwasaidia wengi, lakini kwa mwenye hofu hii kikao chenyewe ni ngazi ya 70. Unaruhusiwa kukaa nyuma na kusema "leo nasikiliza tu".

## Hatua ya 9: Ukiteleza

Andika kabla haijatokea utakachofanya, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na akili ya kupanga.

Umekunywa? Simama hapo ulipofika. Glasi ya pili haiwi halali kwa kuwa ya kwanza imeshanyweka. Mtumie ujumbe mtu wako wa karibu maneno mawili: "Nimekunywa, nisaidie." Usiendeshe gari. Kumbuka kwamba baada ya wiki kadhaa bila pombe mwili umepoteza mazoea, na kiasi cha zamani kinakupiga kwa nguvu zaidi.

Kesho yake usizimue. Jaza daftari: tukio gani, hofu ilikuwa ngapi, ni kinga gani iliyokatika kwanza? Mara nyingi utakuta uliruka ngazi, ulikosa usingizi siku mbili, au uliacha dawa. Rudi ngazi moja chini, fanya zoezi hilo ndani ya siku 3, na mwambie mtaalamu wako kwenye kikao kinachofuata. Kama umekunywa siku kadhaa mfululizo kwa wingi, hesabu inaanza upya kutoka Hatua ya 1, na unapita tena kituo cha afya kabla ya kuacha.

Ukiona aibu kurudi huko, chukua barua ya Hatua ya 4, ongeza mstari mmoja chini: "Nimerudi kunywa tangu tarehe hii, naomba tuanze tena." Kisha mkabidhi.